Kuandaa beseni la zege na vyungu vya udongo kwa mimea ya maji na ya tope

Swali la msomaji wa Kisauni, Mombasa: Fundi alinitengenezea beseni la zege uani, lenye waya wa kuku ndani yake, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 50. Baada ya wiki mbili nililijaza maji ya mfereji, nikapanda yungiyungi na kutia samaki wadogo. Kulipokucha samaki wote walikuwa wamekufa, na majani ya yungiyungi yameanza kuungua kingoni. Nina pia kasiki mbili mpya za udongo, moja nikiijaza hupungua kila siku na kulowesha sakafu, na mtungi wa zamani alioniachia bibi yangu. Ningependa kuvitumia vyote kwa mimea ya maji na ya tope. Niviandae vipi, na je, ni kweli kwamba kusugua kwa siki kunatosha?

Jibu

Pole, dada, kwa samaki wako. Kwa maelezo uliyotoa, kilichowaua ni chokaa iliyotoka kwenye zege. Klorini ya maji ya mfereji nayo huweza kuwadhuru samaki, na ndiyo sababu maji hulazwa siku nzima wazi kabla ya kutiwa samaki, lakini klorini ya kiasi kile haiunguzi kingo za majani. Saruji inapokutana na maji hujenga mawe madogo madogo yanayoshikana, na katika kazi hiyo hutoa pia chokaa kali inayobaki ndani ya vitundu vya zege. Maji yanayokaa katika beseni changa huivuta chokaa hiyo taratibu, mpaka kipimo chake cha pH, yaani kile kinachoonyesha maji yana tindikali (chini ya 7) au ukali wa chokaa (juu ya 7), kinafika 12 au kukaribia hapo, ilhali samaki wengi wa maji matamu huishi vyema kati ya 6.5 na 8.5. Katika kipimo hiki kila hatua moja ni ongezeko la mara kumi, kwa hiyo maji ya 12 yana ukali wa chokaa mara 10,000 kuliko maji ya 8. Matamvua ya samaki hayahimili hali hiyo hata kwa usiku mmoja.

Huenda umejiuliza mbona nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa matumbawe na kupigwa chokaa, na mabirika ya misikiti na ya nyumba za zamani yalijengwa vivyo hivyo, na bado katika nyumba za Lamu watu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Jibu ni kwamba jiwe la tumbawe si chokaa kali. Ni chokaa iliyokwisha kushikana na hewa ya ukaa, na katika hali hiyo huyayuka kidogo sana na kuyaacha maji katika kiwango ambacho samaki hukistahimili. Chokaa ya lipu nayo, baada ya muda wa kutosha, huvuta hewa hiyo na kurudi kuwa jiwe. Zege lako litapitia njia hiyohiyo, na sehemu kubwa ya maandalizi ni kulisaidia lifike huko kabla hujaweka kiumbe ndani yake.

Tuanze na umri wake. Wiki mbili ni mapema mno. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na angalau siku 7 za mwanzo linapaswa kubaki bichi muda wote, likifunikwa kwa magunia yaliyolowa na juu yake nailoni, hasa kwetu ambako jua na upepo wa kusi hukausha uso wa kazi kabla ya adhuhuri. Mafundi wengi humwagia maji asubuhi mara moja na kuondoka. Zege lililokauka mapema hubaki na vitundu vikubwa zaidi, na vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha maji na kutoa chokaa kwa muda mrefu. Hilo kwako limekwisha kupita, lakini ukija kutengeneza beseni la pili, msimamie fundi katika jambo hili kuliko jingine lolote. Mwambie pia asiongeze maji ili mchanganyiko uteleze: kwa mfuko wa kilo 50, lita 22 hadi 25 zinatosha, na uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto ndogo tatu hutoa zege linaloshika maji vizuri. Mchanga usiwe wa ufuoni, kwa maana chumvi yake huozesha waya uliomo ndani, na waya ukishika kutu huvimba na kulipasua beseni.

Sasa uliondoe yungiyungi na kuliweka kwenye ndoo ya plastiki yenye maji safi. Majani yaliyoungua yakate, lakini shina la chini likiwa bado gumu, litachipua. Beseni lenyewe ulimwage na kulichunguza. Ukiona nyufa nyembamba kama unywele, usiwe na haraka ya kuziziba, kwani nyingi hujifunga zenyewe wakati chokaa inapoganda ndani yake. Ufa unaoingiza ncha ya kucha ndio wa kuzibwa.

Kuhusu siki, nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu ushauri huu umeenea sana na nusu yake ndiyo sahihi. Ni kweli kwamba siki huiondoa chokaa kali iliyo usoni mwa zege. Lakini haiingii ndani, na chokaa iliyo nyuma ya uso itaendelea kutoka siku zinazofuata. Zaidi ya hapo, tazama kwa makini utakapoimwaga siki ukutani: itatoa povu la vipovu vidogo vinavyochemka kwa sauti hafifu. Watu hufurahi wakidhani ndiyo chokaa kali inayoteketea, kumbe vipovu hivyo hutoka kwenye ile chokaa iliyokwisha kushikana na hewa ya ukaa, yaani ngozi ngumu ambayo ndiyo ngao tunayoitafuta. Chokaa kali humezwa na siki kimyakimya, bila povu. Kwa hiyo kusugua kwa siki kila wiki ni kuiondoa ngao kila inapojijenga. Ushauri wangu ni kutumia siki ya kawaida ya jikoni mara moja tu, mwanzoni kabisa. Paka kwa brashi ngumu, acha mpaka povu litulie, suuza mara mbili, na usiirudie tena. Tindikali ya betri na ile ya kusafishia choo usizikaribie hata kidogo. Zinaweza kukuchoma na hubomoa uso wa zege, na ile ya choo, ambayo aghalabu ni ya jamii ya chumvi, hufika kwenye waya na kuuozesha.

Baada ya hapo kazi ni ya maji na subira. Jaza beseni mpaka ukingoni, kwa sababu sehemu isiyolowa haitatoa chokaa yake, kisha ukaliache kwa siku 5. Siku inayofuata, au ya pili, utaona juu ya maji utando mwembamba mweupe, unaong'aa ukiutazama kwa ubavu, na ukiugusa kwa kidole unavunjika vipande vipande na kuzama. Huo ni chokaa iliyotoka ukutani, ikakutana na hewa na kuganda. Ni dalili nzuri, na ni kipimo chako cha kwanza kisicho na gharama. Siku ya tano mwaga maji yote, sugua kuta kwa brashi bila siki, uliache beseni lipate hewa siku moja au mbili likiwa na unyevu, kisha ujaze tena. Kila mzunguko utando utapungua. Kwa beseni kama lako natarajia mizunguko minne au mitano, na ule ambao hautoi utando wowote ndio wa kuanza kupima. Vaa glavu wakati wa kumwaga maji ya mizunguko ya mwanzo, yasikurukie machoni, wala usiyamwage kwenye mashina ya mimea.

Najua utaniuliza maji hayo yatoke wapi. Beseni lako linachukua kama lita 250, na katika mitaa ambayo mfereji hutoka kwa zamu, au maji matamu hununuliwa kwa mkokoteni, mizunguko mitano ni mitungi ya plastiki ya lita 20 ipatayo sitini na ushei. Kuna jambo linalosaidia. Chukua mitungi minne au mitano ya plastiki, ijaze maji ya chumvi ya kisimani, ifunge barabara na kuisimamisha ndani ya beseni ikiwa imesuguliwa nje. Itachukua nafasi ya lita 80 hadi 100, na maji matamu yatapanda hadi ukingoni yakizilowesha kuta zote. Usiyatumie maji ya kisima yenyewe moja kwa moja, maana beseni lako lina waya, na chumvi hiyo itaingia kwenye vitundu na kubaki humo. Lingekuwa halina waya, ningekuruhusu kuyatumia katika mzunguko wa kwanza na wa pili. Ukiweza kungoja masika ya Aprili na Mei, maji ya mvua ni bora kuliko yote, kwa sababu hayana chokaa yake mwenyewe na huvuta zaidi.

Siku 5 nilizozitaja zina sababu nyingine. Mbu aenezaye dengi na chikungunya, magonjwa yaliyolipuka hapa Mombasa mwaka 2013 na tena mwishoni mwa 2017, hupenda maji ya vyombo vya nyumbani kama haya, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi katika joto letu. Maji makali ya mzunguko wa kwanza hayatafaa kwa viluwiluwi, lakini ya mzunguko wa nne yatawafaa kabisa. Funika beseni kwa kipande cha chandarua muda wote. Kusugua kuta kuna faida hapo pia, kwa kuwa mayai ya mbu huyu hugandishwa ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi kisha kuanguliwa yakilowa.

Katika kupima, nunua karatasi za pH zinazosoma kuanzia 1 hadi 14. Vifaa vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea, ambavyo ni rahisi kuvipata, kwa kawaida husoma mpaka 8.2 au zaidi kidogo, hivyo maji ya 9 na maji ya 12 vitakuonyesha rangi ileile ya mwisho, nawe hutajua umefika wapi. Pima kwanza maji unayojazia, kabla hayajagusa zege, uandike. Yaache katika beseni lililofunikwa kwa siku 3, kisha uyapime tena asubuhi na mapema. Nasema asubuhi kwa sababu ukungu wa kijani ukishaota, hutumia hewa ya ukaa iliyomo majini wakati wa jua na kupandisha kipimo alasiri, nawe ukadhani ni zege. Kama tofauti ya vipimo viwili haizidi nusu hatua, na cha pili hakijapita 8.5, beseni liko tayari.

Je, upake rangi ya kuzuia maji? Kwa beseni ambalo umeshaliloweka na halivuji, mimi sioni haja. Rangi hufaa pale mtu asipoweza kungoja, au pale zege linapovuja. Jua tu kwamba ile dawa ya unga ya kuzuia maji inayochanganywa na saruji ni saruji vilevile: itaziba uvujaji lakini italeta chokaa mpya, na utaanza kuloweka tena. Inayozuia chokaa ni epoksi, yaani rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, iliyotengenezwa kwa matangi ya maji ya kunywa, nayo ni ghali, au rangi ya lami inayochanganywa kwa maji, iliyopakwa mara mbili na kuachwa hadi harufu yote iishe. Ndani ya chombo kilichopakwa lami usipande majimbi ya kula.

Tuje kwenye vyombo vya udongo, ambavyo vina tabia tofauti kabisa. Kasiki yako haina sumu yoyote. Imechomwa kwa moto usio mkali sana, na ukuta wake una vitundu vinavyopitisha maji polepole hadi nje, yakakauka kwa upepo. Ndicho kinachoyafanya maji ya mtungi yawe baridi. Basi kabla ya kununua dawa yoyote, amua kila chombo kitafanya kazi gani, kwa sababu kupenyeza maji ni hasara katika chombo cha yungiyungi na ni faida katika bustani ya tope.

Zigonge kasiki zote mbili kwa kifundo cha kidole zikiwa kavu. Inayolia kwa sauti nyororo na ndefu imeiva vyema na haina ufa, nayo ifanye ya maji. Inayolia kwa sauti butu ipeleke kwenye tope. Hiyo ya maji ndiyo ya kuzibwa ndani, na hapa sharti kubwa ni ukavu. Udongo uliochomwa hushika unyevu wa hewa yetu ya pwani kwa muda mrefu, na rangi ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu itatoka malengelenge na kubanduka. Uianike juani kwa wiki mbili hivi, ukiingiza ndani usiku, au ufanye kazi hiyo wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu zaidi. Sugua ndani kwa brashi kavu, futa vumbi, kisha upake epoksi ya matangi mara mbili hadi kwenye mdomo. Nje usipake kitu, ili unyevu wowote uliobaki ukutani upate pa kutokea. Kama ina tundu chini, lizibe kwa gundi nzito ya epoksi. Ukipenda kuliziba kwa saruji, lilowesha tundu kwanza, kwani udongo mkavu huinyonya maji saruji kabla haijashika.

Kuna jambo moja kuhusu udongo ambalo watu wa Mombasa hawana budi kulijali zaidi ya watu wa bara, nalo ni chumvi. Ukijaza maji ya kisima katika chombo kisichozibwa, baada ya wiki kadhaa utaona nje yake unga mweupe laini kama manyoya, hasa karibu na kitako. Hiyo ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka. Ikibaki juu ya uso ni rahisi kuifuta, lakini nyingine huganda ndani ya vitundu, ikakua na kuusukuma ukuta mpaka magamba ya udongo yanabanduka. Maji matamu tu, basi, kwa vyombo vyote vya udongo. Ukiona unga huo, kilowekeshe chombo katika maji matamu usiku kucha mara mbili tatu.

Kasiki ya pili ifanye kitalu cha tope. Iloweshe kwa siku nzima, ili udongo wake usije kuinyang'anya mimea maji, kisha toboa matundu mawili ubavuni, sentimita 10 juu ya kitako, kwa keekee isiyogongagonga, pole pole, ukimwagia maji. Chini ya matundu patabaki hazina ya maji, na mvua kubwa ikinyesha ziada itatoka bila kuyaozesha mashina. Udongo wake uwe sehemu mbili za udongo wa shamba wenye tifutifu na sehemu moja ya vumbi la makumbi. Uliza makumbi hayo yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba za usumba yamejaa chumvi ya bahari, na lazima yaoshwe mpaka maji yake yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Humo panda majimbi, ambayo hupenda tope kuliko mmea wowote wa jikoni kwetu, na ukitaka, mafunjo madogo kando yake.

Mtungi wa bibi usiuzibe, usiutoboe, wala usipande kitu ndani yake. Mdomo wake ni mwembamba, yungiyungi halitapata uso wa maji wala jua la muda wa saa tano au sita kwa siku linalolihitaji, na mizizi ya mafunjo ikijaa itaupasua. Badala yake, kama una kipande cha ardhi karibu na beseni, chimba shimo la upana wa mita moja na kina cha nusu mita, tandika nailoni nzito iliyotobolewa matundu machache ubavuni, rudisha udongo uliochanganywa kama nilivyoeleza, na katikati yake ufukie mtungi mpaka shingoni. Usugue kwanza nje kwa maji na brashi, kwani mafuta na masizi ya miaka huziba vitundu, na wala usitumie sabuni, ambayo udongo huinywa. Ujaze maji matamu na kuufunika kwa kigae kinachoenea vizuri mdomo wote, mbu asipate njia. Utatoa maji taratibu kwa majimbi yaliyouzunguka, zaidi siku za ukavu na kidogo siku za mvua, nawe utajua hali ya kitalu kwa kutazama tu maji yamebaki kiasi gani ndani ya shingo.

Yungiyungi lirudishe katika beseni baada ya kipimo kutulia. Lipande katika kikapu au ndoo pana iliyojazwa udongo mzito wa mfinyanzi bila samadi, kwa maana samadi huoza na kuchafua maji. Funika uso wa udongo kwa kokoto ndogo, uzijaribu kwanza kwa tone la siki: zikitoa povu ni za matumbawe au za jamii yake, hazitaliua yungiyungi lakini zitaongeza ugumu wa maji, hivyo tafuta zisizotoa povu. Kikapu ukiweke juu ya matofali mwanzoni, maji yafike sentimita 15 juu ya shina, kisha ukishushe majani yanaporefuka. Gugumaji usilikubali hata ukipewa bure. Madhara yake katika Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 yanajulikana, na vipande vyake hufuata mifereji ya mvua.

Majani mapya yakitoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma kwa sababu maji yamepanda chokaa tena. Pima, punguza theluthi moja ya maji, ongeza ya mvua. Yakitoka ya kijani kwa wiki mbili mfululizo, tia samaki wadogo wawili wa aina ya gapi, ukiuelesha mfuko wao juu ya maji kwa robo saa ili joto lilingane na kuwachanganyia maji ya beseni kidogo kidogo kabla ya kuwafungulia. Wakiwa wazima baada ya siku 3, ongeza wengine wanne, na chandarua unaweza kukiondoa.